NALC kwenye makohozi: kuiandaa, kuilinda na kuitumia kabla ya kuotesha TB

Makohozi hayafiki maabara yakiwa safi. Yamepita kooni na mdomoni, yamebeba bakteria wa kawaida ambao wakipata joto na chakula hugawanyika ndani ya nusu saa hivi. Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, huhitaji saa 18 hadi 24 kugawanyika mara moja tu. Ukiyamwaga makohozi yalivyo kwenye chombo cha kuoteshea, wachafuzi watamaliza chakula kabla TB haijaanza kazi.

Dawa ya kuwaua wachafuzi inajulikana tangu zamani: sodiamu hidroksidi, NaOH, kostiki soda ileile ya watengeneza sabuni. TB huivumilia kwa muda kwa sababu ya ukuta wake wenye nta, wachafuzi wengi hawaivumilii. Shida ni ute. Bakteria waliojificha ndani ya donge la ute hawafikiwi, na ukiongeza ukali wa NaOH ili ipenye, unaua na TB uliyokuwa unaitafuta. Njia ya zamani ya Petroff, ya mwaka 1915, ilitegemea NaOH kali peke yake. Mwaka 1963 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kubica walionyesha njia nyingine: kata ute kwa kitu kingine, kisha NaOH dhaifu itatosha. Kitu hicho ni N-asetili-L-sisteini, NALC kwa kifupi, na mpaka leo ndiyo njia ya kawaida katika maabara zinazootesha TB, kuanzia maabara kuu za rufaa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hadi za Ulaya.

Maelezo haya ni ya wenye mafunzo ya maabara ya TB na vifaa vyake: kabati ya usalama wa kibaolojia ya daraja la II iliyokaguliwa, sentrifuji yenye vikombe vya kufungwa kwa mfuniko, barakoa ya N95, glavu na koti la mgongo uliofungwa. Bila hivyo usifungue chupa ya makohozi kwa kazi hii.

NALC inafanya nini hasa

NALC ni asidi amino ya sisteini iliyofungwa kundi la asetili kwenye naitrojeni yake. Uzito wa molekuli ni 163.19. Sehemu yenye kazi ni kundi la thioli, yaani salfa yenye haidrojeni moja mkononi. Protini za ute zimeshonwa pamoja kwa madaraja ya salfa kwa salfa. Thioli ya NALC huyakata madaraja hayo, na ute uliokuwa unavutika kama utomvu unageuka maji. Kwenye alikali thioli hupoteza haidrojeni yake na kuwa kali zaidi, ndiyo maana NALC na NaOH hufaana hivi.

Lakini ukali huohuo ndio unaoimaliza. Thioli mbili zikikutana na oksijeni hushikana zenyewe kwa zenyewe, na NALC iliyoshikana hivyo haikati tena chochote. Kwenye unga mkavu jambo hili huenda polepole sana. Kwenye maji yenye alikali huenda kwa saa. Chembe kidogo za chuma au shaba kwenye maji huliharakisha zaidi, na hiyo ndiyo kazi ya sodiamu sitrati katika mchanganyiko: hukamata madini hayo yasiiguse NALC.

Ushike hili moja, mengine yote yatafuata: NALC haiui bakteria. Inafungua mlango tu, NaOH ndiyo inayoingia. Kwa hiyo NALC iliyokufa haitaonekana kama kosa la NALC. Itaonekana kama wachafuzi wengi, nawe utashawishika kuongeza NaOH, na utapoteza TB bila kujua kwa nini.

Chupa ya unga

Nunua unga wa daraja la maabara, mweupe, usioganda. Harufu nyepesi ya salfa ni ya kawaida. Unga uliobadilika kuwa wa manjano au ulioshikana mabonge usiutumie kwa kazi ya wagonjwa kabla ya kuupima (njia ya kupima iko mwishoni).

Hifadhi kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mfuniko umekazwa. Itoe nusu saa kabla ya kuifungua. Ukifungua chupa baridi kwenye chumba chenye joto la Mombasa au Kisumu, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake, na kila asubuhi unayofanya hivyo unaongeza maji kidogo kwenye unga. Maabara inayofanya kazi kila siku ingefanya vyema zaidi kugawa unga mara moja: pima gramu 0.5 kwenye vijichupa vidogo vya mfuniko wa kuzungusha, andika tarehe, rudisha vyote kwenye friji. Kila siku unatoa idadi unayohitaji, na chupa kubwa haifunguliwi ovyo.

Vidonge vya asetilisisteini vya duka la dawa haviwezi kuchukua nafasi hii. Dawa ni ileile, hutumika kulainisha kikohozi na kuokoa ini la aliyezidisha parasetamol, lakini vidonge vya kutoa povu vina asidi ya sitriki na bikabonati ambazo hula NaOH yako. Utakuwa umepika mchanganyiko usiojua ukali wake.

Mapishi

Unahitaji vimiminika vitatu na unga.

NaOH asilimia 4: gramu 40 kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Weka maji kwanza, kisha ongeza NaOH kidogo kidogo huku chombo kimekaa kwenye beseni la maji baridi, kwa sababu huchemka kwa joto lake yenyewe. Vaa miwani, tone moja jichoni hupofusha. Pima haraka, maana punje za NaOH hunyonya unyevu na hewa ya kaboni zikiwa mezani, na kopo lililokaa wazi mwezi mzima litakupa "asilimia 4" ambayo si 4. Hifadhi kwenye chupa ya plastiki ngumu. NaOH hula kioo taratibu.

Sodiamu sitrati asilimia 2.9: gramu 29 kwa lita 1, ikiwa ni ile yenye molekuli mbili za maji. Ikiwa kopo limeandikwa kavu, isiyo na maji, ni gramu 26. Soma lebo, wengi hukosea hapa.

Bafa ya fosfeti (kimiminika cha kutuliza ukali wa alikali) ya pH 6.8: yeyusha gramu 9.47 za Na2HPO4 kavu kwenye lita 1, na gramu 9.07 za KH2PO4 kwenye lita nyingine, kisha changanya kiasi sawa cha kila moja. Hakiki kwa pH-mita. Igawe kwenye mirija ya matumizi ya mara moja, ya kumtosha mgonjwa mmoja, kabla ya kuitakasa kwa otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo), nyuzi 121 kwa dakika 15. Kugawa huku si usumbufu wa bure. Chupa moja ya bafa inayotembea kutoka mrija hadi mrija ndiyo njia rahisi kabisa ya kuhamisha TB ya mgonjwa mmoja kwenye sampuli ya mwingine, na mtu asiye na TB akaanzishiwa miezi sita ya dawa.

NaOH na sitrati changanya nusu kwa nusu, takasa kwa otoklevu, acha ipoe, funga. Mchanganyiko huu usio na NALC hukaa wiki kadhaa ukifungwa vizuri. Sasa una NaOH asilimia 2 na sitrati asilimia 1.45.

NALC inaingia siku ya kazi tu, na haipiti kwenye otoklevu kamwe. Kiasi ni gramu 0.5 kwa kila mililita 100: mililita 50 za kazi huchukua gramu 0.25, mililita 200 gramu 1, mililita 500 gramu 2.5. Zungusha chupa kwa mkono polepole mpaka unga uishe. Usitikise. Povu ni oksijeni, na oksijeni ndiyo adui. Andika kwenye chupa saa uliyoongeza NALC, si tarehe peke yake, kwa sababu mchanganyiko huu haustahili kuvuka saa 24. Kilichobaki mwaga. Pika kwa hesabu: sampuli 20 za mililita 5 zinataka mililita 100, ongeza za sampuli mbili za udhibiti (moja hasi, moja yenye TB) na mililita kumi zaidi za akiba, basi.

Kazi yenyewe

Panga sampuli kwa idadi inayoingia kwenye sentrifuji kwa mara moja. Sentrifuji ya nafasi 8 inamaanisha mafungu ya 8. Ukianza na 16 kwenye mashine ya 8, fungu la pili litakaa kwenye NaOH dakika 20 zaidi likisubiri zamu, na matokeo yake yatakuwa mabovu hata kama kila hatua umeifuata.

1. Ndani ya kabati, hamisha makohozi kwenye mrija wa mililita 50 wenye mfuniko wa kuzungusha. Miongozo huruhusu hadi mililita 10. Sisi tunapendekeza 5, kwa sababu itakayoelezwa kwenye sehemu ya bafa.

2. Ongeza mchanganyiko wa NALC kiasi sawa na makohozi. Ndani ya mrija sasa NaOH ni asilimia 1 na NALC asilimia 0.25. Anza kuhesabu muda kwenye mrija wa kwanza, siyo wa mwisho.

3. Funga, tikisa kwa vorteksi (mashine ya kutikisa mirija) sekunde 15 hadi 30, isizidi. Kisha pindua mrija juu chini ili mchanganyiko uoshe kuta zote na ndani ya mfuniko. Makohozi yaliyokwama mfunikoni bila kuguswa na NaOH hurudi baadaye kuchafua kila kitu.

4. Acha kwenye joto la chumba dakika 15 hadi 20. Pindua taratibu mara mbili tatu. Ikiwa ute bado unavutika, ongeza unga wa NALC kama miligramu 30 moja kwa moja kwenye mrija na uchanganye. Usiongeze muda, ongeza NALC. Dakika 25 ndizo mwisho wa yote.

5. Jaza bafa hadi alama ya mililita 50. Funga, pindua mara kadhaa.

6. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 3000 g (mara 3000 ya mvutano wa dunia), dakika 15 hadi 20. Yenye ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10 ni bora, kwa kuwa joto la mzunguko linaendeleza kazi ya NaOH.

7. Mashine ikisimama, subiri dakika 5 vitone vya hewani vitue. Fungua vikombe ndani ya kabati, si juu ya meza.

8. Mwaga maji ya juu kwa mwendo mmoja kwenye chombo cha taka kisichorusha matone, chenye dawa ya kuua TB. Fenoli asilimia 5 inafaa. Dawa ya klorini hapa hudhoofika haraka: thioli ya NALC na protini za makohozi huila klorini kabla haijafika kwa bakteria. Chombo chenye fenoli au klorini kisiingie kwenye otoklevu. Mvuke wake ni sumu.

9. Yeyusha mashapo kwa mililita 1 hadi 2 za bafa mpya. Mililita 0.5 ziende kwenye mrija wa MGIT (wa kuotesha TB kwenye chakula cha majimaji) uliokwisha kuwekewa mililita 0.8 za kirutubisho chenye PANTA (dawa za kuzuia wachafuzi), matone machache kwenye LJ (chakula kigumu cha mayai cha Löwenstein-Jensen), tone moja kwenye kioo cha hadubini. Kinachobaki weka kwenye friji mpaka matokeo yatoke. Kinaweza pia kwenda GeneXpert, mashine inayotambua vinasaba vya TB: mililita 0.5 za mashapo kwa 1.5 za kimiminika chake.

Fungua mrija mmoja tu kwa wakati mmoja. Mdomo wa chupa ya kemikali usiguse mdomo wa mrija. Mwisho wa sampuli za wagonjwa pitisha sampuli hasi, maji yaliyotakaswa, kwenye hatua zote. Ile yenye TB inayojulikana iwe ya mwisho kabisa. Sampuli hasi ikiota, matokeo chanya ya siku hiyo yote yanashukiwa.

Maji ya uti wa mgongo na maji mengine yaliyotolewa kwa sindano mahali pasipo na bakteria hayahitaji NALC wala NaOH. Bakteria ni wachache humo, usiwapunguze bure.

Nguvu ya sentrifuji si namba iliyo kwenye kitufe

Bakteria wa TB wana mafuta mengi, hawazami kwa urahisi, na mzunguko dhaifu unawamwaga na maji ya juu. 3000 g si mizunguko 3000 kwa dakika. Pima nusu-kipenyo kwa rula, kutoka katikati ya ekseli hadi kitako cha mrija ukiwa umelala, kwa sentimita. Nguvu ni 0.00001118 mara nusu-kipenyo mara mizunguko mara mizunguko. Kwa sentimita 17, mizunguko 3000 inakupa 1710 g tu. Unahitaji karibu 3970. Hesabu mara moja, andika kwenye karatasi, bandika kwenye mashine.

Bafa haiizimi NaOH kabisa

Watu wengi hufikiri bafa inaizima NaOH. Tufanye hesabu. Mililita 5 za mchanganyiko wenye NaOH asilimia 2 zina milimoli 2.5. Mililita 40 za bafa zina dihidrojeni fosfeti, sehemu inayokula alikali, milimoli 1.3 hivi. Haitoshi. Bafa inapunguza ukali kwa kuongeza ujazo na kuzima sehemu, basi. Ukiwa na mililita 10 za makohozi na 10 za mchanganyiko, NaOH ni mara mbili na nafasi ya bafa imebaki mililita 30. Ndiyo sababu ya kupendekeza mililita 5: sampuli kubwa igawe mirija miwili, kisha changanya mashapo.

Inafuata pia kwamba mrija uliojazwa bafa hauko salama kukaa. Uende kwenye sentrifuji papo hapo. Maji ya juu yamwagike yote, yasibaki mililita 3 "ili mashapo yasipotee", kwa sababu ndimo NaOH ilimo. Mashapo yakishayeyushwa, gusa kwa kitanzi kisafi kwenye karatasi ya pH. Yakiwa yamezidi 7.5, jaza bafa tena, zungusha tena. Mashapo yenye alikali huua TB polepole ndani ya mrija wa MGIT na pia huvuruga dawa za PANTA.

Kusoma dalili

Hata ikifanywa vizuri, njia hii huua sehemu ya TB, karibu theluthi kwa makadirio yaliyozoeleka. Kwa hiyo lengo si uchafuzi sifuri. Kwenye LJ tarajia asilimia 3 hadi 5 ya mirija iliyochafuka, kwenye MGIT hadi 8 hivi. Maabara inayojivunia asilimia 1 huenda inapoteza TB ya wagonjwa wake chanya: angalia sampuli zilizoonekana na TB kwenye hadubini zisiote, wakati mgonjwa hajaanza dawa. Zikiwepo, chunguza kwanza muda zilizokaa kwenye NaOH, kisha mapishi ya NaOH. Kosa linalorudi mara nyingi ni kutumia NaOH ya asilimia 4 bila kuichanganya na sitrati.

Uchafuzi ukipanda, usikimbilie NaOH. Uliza makohozi yalikaa muda gani njiani. Sampuli iliyotoka zahanati ya mbali kwa pikipiki, siku tatu bila kiboksi cha barafu, ina wachafuzi mara elfu ya ile ya asubuhi, na dawa yake ni usafiri. Kisha tazama kama ute uliyeyuka. Madonge baada ya dakika 15 yanasema NALC imekufa au haikutosha. Kisha tazama umri wa NaOH. Yote yakiwa sawa ndipo upandishe NaOH ya kuanzia kutoka asilimia 4 hadi 5, na ikibidi 6, ambayo mwisho wake ndani ya mrija ni 1.5. Hapo ndipo pa kukomea. Badilisha kitu kimoja kwa wiki mbili, andika, ndipo uguse kingine.

Kupima unga wa zamani

Uagizaji huchukua miezi, na chupa hukaa forodhani kwenye joto. Tarehe ya lebo haijui hilo. Ukiwa na spektrofotomita, kipimo cha Ellman kitakuambia ukweli kwa nusu saa. Kinatumia DTNB, ambayo thioli huigeuza kuwa rangi ya manjano.

Tengeneza bafa ya sodiamu fosfeti 0.1 M, pH 8.0, yenye EDTA (hukamata madini kama sitrati) 1 mM. Pima NALC miligramu 163, yeyusha hadi mililita 100 za bafa hiyo. Chukua maikrolita 50, weka kwenye mililita 9.95 za bafa. Weka mililita 2.5 za mchanganyiko huu mwepesi kwenye kuveti ya sentimita 1, ongeza maikrolita 50 za DTNB ya miligramu 4 kwa mililita. Kuveti ya pili iwe na bafa na DTNB tu, ndiyo sifuri yako. Baada ya dakika 15 soma kwenye nanomita 412. Fanya yote siku hiyohiyo, mfululizo, maana NALC nyepesi namna hii inaisha haraka hata kwenye EDTA.

Unga mzima husoma 0.69 hivi. Gawa ulichosoma kwa 0.69 upate sehemu iliyo hai: 0.55 ni asilimia 80. Chini ya 0.62 tungeutoa kwenye kazi ya wagonjwa, tuuache kwa mafunzo, na chupa mpya tungeipima siku inapofika, ili kuwe na namba ya kulinganisha nayo miezi sita baadaye.